Mchumba Kutoka Nyumba ya Adui



Hadithi hizi tunazipenda sana: familia mbili zinachukiana tangu enzi za mababu, kijana wa huku anampenda binti wa kule, wanafunga ndoa na uadui unakwisha. Tunazisoma kwenye simu usiku mpaka chaji inaisha.

Lakini hata hapa Kihanga tunazo nyumba zisizosalimiana. Chanzo ni mpaka wa shamba la migomba, au urithi, au tuhuma za uchawi. Siku ukimtaja mchumba wa kutoka nyumba hiyo, mzee anajibu, "Nyumba ile? Labda nikishakufa." Hapo unafanyaje? Mtoroke usiku?

Sikilizeni habari ya kweli ya jirani zetu wa ng'ambo ya mto Kagera. Mwaka 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza watu zaidi ya 800,000 nchini Rwanda, ndani ya siku 100 hivi. Wazee wetu wanawakumbuka wakimbizi waliofurika Karagwe mwaka ule.

Kule kusini-magharibi mwa Rwanda, katika Parokia ya Mushaka, Jimbo la Cyangugu, mama mmoja aliuliwa mume wake na jirani. Jirani huyo alifungwa, baadaye akatoka, akarudi kijijini kwake. Yaani, mjane na muuaji wanaonana kila siku!

Parokiani hapo Padre Ubald Rugirangoga alianzisha mafundisho ya toba na upatanisho. Yeye mwenyewe alipoteza mama yake na ndugu wengi katika mauaji yale. Alimsamehe aliyehusika na kifo cha mama yake, akawalipia ada watoto wa mtu huyo. Padre Ubald alifariki Januari 2021, lakini kazi yake inaonekana. Waliotenda maovu walifundishwa kukiri waziwazi na kwenda kuwaomba msamaha waliowakosea.

Jirani yule naye alikiri na kuomba msamaha. Mama akamsamehe. Binti wa jirani, aliyekuwa mtoto mdogo mwaka 1994, alikuwa akienda kumsaidia mama yule kuchota maji na kulima. Kijana wa mama akamwona, akampenda. Wakafunga ndoa, na mama akakubali, kwa sababu kosa la baba si kosa la binti.

Vijana, tuchukue mambo matatu.

Kwanza, dhambi hairithiwi kama shamba. Nabii Ezekieli, sura ya 18, anafundisha kwamba mwana hataubeba uovu wa baba yake. Usimhukumu mtu kwa jina la ukoo wake.

Pili, binti yule hakuanza na mapenzi, alianza na ndoo ya maji na jembe. Kwenye simulizi zetu, wawili wanaangaliana tu, basi, uadui umekwisha. Kwenye maisha, damu iliyomwagika inadai ukweli, toba na utumishi. Harusi haiwezi kufanya kazi ya Kitubio. Mkifunika jeraha kwa shela, litaoza humo ndani, na watakaoumia ni watoto wenu.

Tatu, msamaha ni amri ya Bwana kwa kila mmoja wetu, lakini ndoa si amri. Kanisa linafundisha kwamba ndoa hufanywa na ridhaa huru ya wawili. Kwa hiyo binti asitolewe kama faini ya kumaliza ugomvi. Na wewe ukimsamehe mtu, hulazimiki kuwa mchumba wake!

Basi kaka, dada, kama unampenda mtu wa nyumba "ile", msitoroke. Anza kuwasalimia wazazi wake. Siku wakiwa na msiba, nenda ukabebe maji na kuni. Mshirikishe paroko, washirikishe wazee wa jumuiya, wakae na pande zote mbili. Kama nyumba yenu ndiyo iliyokosa, mweleze baba kwa heshima kwamba sadaka yake inasubiri pale altareni mpaka apatane na ndugu yake, kama Yesu anavyoagiza katika Mathayo 5. Itachukua muda, ndiyo. Vumilia.

Mtakatifu Paulo anawakumbusha Warumi kwamba Mungu alitupatanisha naye tukiwa bado adui zake. Kumbe sisi sote ni watu wa nyumba "ile", na Bwana arusi hakutukataa.

Wiki hii, msalimie mtu mmoja wa nyumba msiyosalimiana nayo. Mmoja tu.

Ee Bwana, utufanye vyombo vya upatanisho katika familia zetu. Amina.