Shomoro, Panya Buku na Kiti cha Dada Yetu



Wiki hii ya Maonyesho ya Canton, tukitoka kwenye kumbi za Pazhou na mabegi ya sampuli, tumewaona shomoro wakiokota makombo miguuni petu. Hakuna aliyewafukuza. Mwaka 1958 nchi hii iliwaandika katika orodha ya waharibifu wanne: panya, nzi, mbu na shomoro. Kosa la shomoro lilikuwa kula nafaka. Watu walipiga sufuria na ngoma ndege wasipate kutua, mpaka wakaanguka kwa uchovu. Kisha wadudu wakazidi mashambani. Mtaalamu wa ndege Zheng Zuoxin na wenzake walipopasua matumbo ya shomoro waliwakuta wadudu humo, na mwaka 1960 shomoro akafutwa, kunguni akaandikwa mahali pake. Panya akabaki.

Sisi wauguzi hatumtetei panya wa nyumbani. Tauni na homa ya mgunda tunazijua. Walawi 11:29 pia inamhesabu najisi. Lakini Morogoro yuko panya wa porini, panya buku, ambaye shirika la APOPO pamoja na Chuo Kikuu cha Sokoine wamemfundisha kunusa makohozi. Hutambua kifua kikuu hata pale hadubini ilipokosa kukiona. Sampuli 100 humchukua kama dakika 20. Ndiye yuleyule tuliyemkimbiza shambani kwa marungu.

Sasa tuseme ukweli. Mwaka huu dada yetu mmoja alikohoa ibadani, tukasikia ni kifua kikuu, tukahama viti. Hata simu tuliacha kumpigia, kana kwamba ugonjwa hupita kwenye simu! Nasi wauguzi tulijua kwamba mgonjwa wa kifua kikuu cha kawaida, akitumia dawa sawasawa kwa wiki chache, kwa kawaida haambukizi tena. Tukanyamaza.

Wafanyabiashara, tazameni bei. Katika Mathayo 10 shomoro wawili ni senti moja. Katika Luka 12, watano kwa senti mbili. Yule wa tano ni nyongeza, wa bure kabisa. Yesu anasema hata huyo Mungu hamsahau.

Dada amemaliza dawa za miezi sita na majibu ni mazuri. Ameturuhusu kuandika haya bila jina. Jumapili ijayo anarudi, safu ya tatu, karibu na dirisha. Atakayewahi kufika akae pembeni yake, na mwenye chupa ya chai aje na kikombe cha pili.