Kabla Hamjagawana Kihamba

Wanangu, Desemba inakaribia. Mabasi yatapanda kutoka Dar es Salaam yakiwa yamejaa, vijana watarudi na wake zao na watoto, na vihamba, mashamba yetu ya ukoo, vilivyokaa kimya mwaka mzima vitawaka taa. Mtaimba ibadani, mtachinja, mtakunywa. Halafu, kati ya tarehe 26 na mwaka mpya, mtakaa kikao cha ukoo. Hapo ndipo ninapoitwa. Mzee njoo, ndugu hawasemezani. Mzee njoo, masale ya mpakani yameng'olewa usiku na kupandwa upande wa pili. Nimeitwa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sasa magoti hayataki tena kushuka korongoni kwenda kukagua mpaka uliosogezwa hatua mbili, na moyo nao umechoka kuwaona watu waliozaliwa tumbo moja wakitazamana kama wageni. Ndiyo maana nasema nanyi mapema, kabla hamjafunga safari.

Fungueni Kitabu cha Mwanzo. Sura 11 za kwanza mnazijua tangu shule ya Jumapili: uumbaji, bustani, Kaini na Habili, gharika, mnara. Ila kuanzia sura ya 12 mpaka ya 50, kitabu kizima ni habari za ukoo mmoja. Ni malisho na visima, wake wawili kwa mume mmoja, mtoto anayependwa kuliko wenzake, baba asiyeona anayetaka kutoa baraka kabla hajafa. Mungu hakuficha aibu za nyumba ile. Alizianika tuzisome, na mimi katika vikao vyote nilivyokaa sijasikia ugomvi wa mirathi ambao haumo humo. Hata Bwana Yesu aliwahi kuletewa kesi ya namna hii, mtu akimtaka amwambie ndugu yake wagawane urithi. Alikataa kuwa mgawaji, akaonya habari ya choyo. Basi mimi ni nani?

Nianze na Abrahamu, siku aliyofiwa. Sara alifariki Hebroni akiwa na miaka 127. Mumewe alikuwa ameahidiwa nchi ile yote, tena na Mungu mwenyewe, lakini siku ile hakuwa na hata kipande cha kumzikia mkewe. Akainuka kutoka mbele ya maiti, akaenda langoni mwa mji walipokaa wenyeji, akawainamia, akaomba auziwe pango la Makpela. Efroni, mwenye shamba, akamwambia mbele ya watu wote alichukue bure. Abrahamu akainama tena, akakataa. Alitaka kulipa. Efroni alipotaja shekeli 400 za fedha, mzee hakubishana bei. Alizipima zote, kwa mizani waliyoitumia wafanyabiashara, watu wote wa langoni wakishuhudia. Na Maandiko yanataja kilichouzwa kama hati inavyotaja: shamba, pango lililomo, na kila mti uliokuwamo ndani ya mipaka yake.

Kila mti, wanangu. Nimewahi kukaa asubuhi nzima ndugu wakigombea mti mmoja wa mruka uliopandwa na babu yao, kwa sababu baba aligawa ardhi kwa mdomo na hakutaja miti.

Tazameni tabia ya mtu huyu. Alikuwa na ahadi ya Mungu mkononi na bado hakuitumia kunyakua. Siku hizi namsikia mtu akisema eneo hili Mungu amenipa, nami nikiuliza kidogo nakuta Mungu amempa shamba la mjane. Tena alikuwa na msiba, na mtu mwenye msiba hupewa maneno mengi mazuri. Chukua tu, sisi ni ndugu. Jenga hapo, nani atakuuliza? Aliyesema hivyo mara nyingi husema kwa moyo safi. Lakini atakufa, na wewe utakufa, na watoto wenu watarithi maneno yasiyo na shahidi. Abrahamu alilipa, akataja mipaka, akaita mashahidi. Makpela akazikwa Sara, akazikwa yeye, akazikwa Isaka na Rebeka na Lea, na Yakobo akaletwa kutoka Misri azikwe palepale. Sisi ambao makaburi ya wazazi wetu yako katikati ya migomba tunapaswa kuielewa sura ile ya 23 kuliko watu wengine wote.

Jambo jingine alilifanya akiwa hai: aligawa. Mali yake alimpa Isaka, na wale wanawe wengine aliwapa zawadi zao kwa mkono wake mwenyewe, akawapeleka upande wa mashariki. Sisemi aligawa vizuri. Hajiri mjakazi na Ishmaeli, mtoto aliyemzalia Abrahamu, walitolewa nyumbani na mkate na kiriba cha maji, na habari ile inaniuma kila ninapoisoma. Nasema alitamka. Alipokufa, na miaka 175, Isaka na Ishmaeli walisimama pamoja kumzika baba yao. Na ninyi wazee wenzangu mnaosema kuandika wosia ni kujiitia kifo, nimewazika wengi wenu, na kifo hakikusubiri karatasi.

Sasa Isaka. Wengi humpita haraka kwa sababu maisha yake hayana vituko. Mimi kadiri ninavyozeeka ndivyo ninavyomheshimu. Wafilisti walivijaza udongo visima vya baba yake. Akavichimbua upya, akaviita kwa majina yaleyale ambayo baba yake aliviita. Watumwa wake wakachimba bondeni wakapata maji yanayobubujika. Wachungaji wa Gerari wakaja wakadai maji ni yao. Isaka akaacha kisima, akahama. Wakachimba kingine, nacho kikagombewa, akakiacha. Cha tatu hakikugombewa na mtu.

Ninyi mliokulia Kilimanjaro mnajua kazi ya maji. Mnajua wazee walivyochimba mifereji kwa majembe kutoka juu msituni, wakiizungusha kwenye miteremko mpaka ifike kwenye migomba. Mnajua zamu ya maji ikiibwa usiku mtu anavyoamka na panga. Kuacha kisima chenye maji, ambacho umekitolea jasho, kisha ukaanze kupiga jembe mahali pakavu, si upole wa maneno. Nimewaona watu wakisali kwa machozi na kushindwa jambo hilo hilo moja. Na aliyekiacha hakuwa mnyonge. Abimeleki mwenyewe alikuwa amemwambia aondoke kwa kuwa ana nguvu kuwashinda. Angeweza kupigana.

Baadaye Abimeleki alimfuata, pamoja na mkuu wa jeshi lake, wakitaka kula kiapo cha amani. Isaka hakujifanya amesahau. Aliwauliza wanamfuata kwa nini, hali walimchukia na kumfukuza. Akisha kusema hivyo, akawafanyia karamu, na asubuhi wakaapishana, wakaagana kwa amani. Wengi wetu tunaweza moja tu kati ya hayo mawili. Yuko anayesema ukweli kisha hapiki, na yuko anayepika huku ameuficha moyoni mpaka siku atakapolewa.

Lakini hapa nisikilizeni vizuri, maana fundisho hili limetumiwa vibaya mbele ya macho yangu. Isaka aliacha kisima chake. Hakuacha cha mtu mwingine. Kuna wasimamizi wa mirathi ambao, mjane akipokonywa shamba na shemeji yake, humwambia mama wa watu asamehe kwa ajili ya amani. Amani ya nani? Abrahamu alimwachia Lutu, mwana wa ndugu yake, achague kwanza, ingawa yeye Abrahamu ndiye aliyekuwa mkubwa, na Lutu akachagua bonde zuri la Yordani. Lakini Lutu huyohuyo alipotekwa, Abrahamu alitoka na watu 318 waliozaliwa nyumbani mwake, akawafuata watekaji usiku mpaka akamrudisha. Cha kwako kiachie ukitaka. Cha yatima kisimamie mpaka mwisho, hata kama itabidi uende Mahakama ya Mwanzo, na hata kama ndugu watakuita mkorofi.

Na mabinti je? Raheli na Lea walimwambia mume wao Yakobo wazi kwamba hawana tena fungu katika nyumba ya baba yao, kwamba Labani amewauza na fedha yao ameila. Yamo katika sura ya 31. Baada ya maneno hayo Raheli aliiba vinyago vya baba yake, akavificha katika matandiko ya ngamia, akavikalia. Simtetei kwa wizi. Namtazama tu binti aliyenyimwa fungu lake, akaondoka nyumbani kwao hata bila kumuaga baba. Mila yetu ilimwangalia mtoto wa kiume, tena hasa wa kwanza na wa mwisho. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki ya ardhi sawa na mwanamume, na mila inayomnyima haki hiyo haisimami. Inanisikitisha kwamba Bunge lilitutangulia sisi tuliobatizwa zamani.

Niseme na wazazi. Isaka, mtu yule wa amani kwa majirani, nyumbani kwake alimpenda Esau kwa sababu ya nyama ya mawindo. Rebeka akampenda Yakobo. Rebeka akamvika Yakobo nguo za kaka yake na ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, mzee asiyeona akadanganyika, akampa baraka ya Esau. Mama akamtuma Yakobo akimbie hasira ya Esau kwa siku chache. Zikawa miaka 20, na kitabu hakisemi popote kwamba mama yule alimwona tena. Yakobo naye akazaa, akazeeka, na wanawe wakamletea kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. Nguo na mbuzi, vilevile.

Kati ya hayo mawili kuna jambo dogo ambalo hunisumbua kuliko yote. Yakobo alipokuwa akirudi, akaambiwa Esau anakuja na watu 400. Akaogopa, akawapanga watu wake. Mbele akawaweka wajakazi na watoto wao, nyuma yao Lea na watoto wake, na mwisho kabisa Raheli na Yusufu. Mfikirieni mtoto wa mjakazi amesimama pale mstari wa mbele, vumbi la watu 400 linaonekana, anageuka nyuma na kumwona Yusufu amewekwa mahali salama. Hakuhitaji kuambiwa. Yusufu alipouzwa kwa vipande 20 vya fedha, akiwa na miaka 17, chuki ilikuwa na miaka yake. Nasi tuna mistari yetu. Yuko mtoto anayesomeshwa kwa kuuza ng'ombe na yuko anayebaki kuchunga. Yuko anayepigiwa simu kila Jumapili na yuko anayekumbukwa dawa zikihitajika. Hawasemi, lakini wanahesabu, na siku ya kikao hesabu huletwa mezani ikiwa imevaa jina la shamba.

Mwisho wa kitabu Yakobo amekufa Misri na miaka 147, amezikwa Makpela, na ndugu waliomuuza Yusufu wamerudi Misri, ambako yeye sasa ni mtawala. Hapo ndipo wanapoingiwa na hofu kwamba Yusufu atalipiza. Yusufu alikuwa amekwisha kuwasamehe, kwa machozi, siku alipojitambulisha kwao. Walikuwa wamekula chakula chake miaka 17 yote ambayo Yakobo aliishi Misri. Bado hawakuamini. Wakatuma mjumbe kusema kwamba baba, kabla hajafa, aliagiza wasamehewe. Nimelitafuta agizo hilo katika maneno ya Yakobo silioni. Maneno ya marehemu ambayo hakuna mwingine aliyeyasikia nimeyasikia mimi katika vikao vingi kupita kiasi: baba alisema, mama aliniambia peke yangu. Yusufu hakudai ushahidi. Alilia. Alielewa kwamba msamaha wa mara moja ulikuwa haujawafikia, akausema upya, akawaambia atawalisha wao na watoto wao.

Wazee wetu walikuwa na jani la isale. Aliyekosa alilifunga, akalipeleka kwa aliyemkosea, na aliyeletewa hakuwa na ruhusa ya kulikataa. Mmea uleule ndio tunaoupanda mipakani. Msione aibu kuutumia kwa kazi zote mbili.

Basi mkifika mwezi ujao, fanyeni haya. Mwenye mzazi hai amwombe awatembeze mpaka wote, kutoka mfereji hadi barabara, akitaja kila mti na alikoupata, na mmoja aandike. Muwaite majirani wa pande zote waone na watie sahihi. Mtaje fungu la mama kwanza, kisha la mabinti, kisha la waliozaliwa nje ambao wote mnawajua na hakuna anayewataja. Mwenye donge na ndugu yake alitoe kabla ya mgawo, kwa ukweli, kama Isaka, na jioni ale naye. Kama kuna dada aliyeolewa mbali ambaye hakupewa taarifa, apigiwe simu leo na atumiwe nauli, na kikao kisianze kabla hajafika.