Je, Mmea Usioliwa Una Haki ya Udongo?

Liko swali ambalo wakulima huulizana, nalo laonekana dogo, lakini ndani yake mna jambo kubwa. Mtu mwenye shamba dogo na watoto wengi, je, ni haki apande mmea ambao hatakula tunda lake, wala hatapata kuni kwake, ila ataupanda kwa ajili ya majani yake na umbo lake tu? Wengine husema ya kuwa hiyo ni anasa, na anasa mbele ya njaa ni kosa. Wengine husema ya kuwa nyumba isiyo na kitu cha kupendeza ni kama ghala. Na tulipime neno hili kwa mmea mmoja tuujuao, kusudi tusibishane kwa maneno matupu.

Mmea huo ni ule ambao Wachagga wa Kilimanjaro huuita isale, nasi kwa Kiswahili twasema sale, na mengi yake masale. Shina lake ni jembamba na limesimama wima. Majani yake ni marefu, mapana, yenye kung'aa, na jani moja laweza kupita urefu wa mita 1. Hayapukutiki yote pamoja wakati wa kiangazi, bali mmea hukaa na ukijani wake mwaka mzima. Porini laweza kufika urefu wa mita 15, lakini nyumbani hukatwa likawa na kimo cha mtu. Mara kwa mara hutoa maua madogo ambayo harufu yake nzuri husikika hasa usiku. Wataalamu huliita Dracaena fragrans, na neno hilo la pili maana yake ni lenye kunukia. Linnaeus wa Uswidi aliliandika katika vitabu vya elimu ya mimea mwaka 1762.

Basi, tumsikilize kwanza yeye anayelikataa. Asema hivi: Kihamba changu nimegawiwa na baba yangu, naye aligawiwa na baba yake, na killa mara kinapogawanywa kinazidi kuwa kidogo. Ndani yake sharti niwe na migomba, na kahawa, na magimbi, na majani ya ng'ombe. Killa hatua moja ya udongo ni mkungu mmoja wa ndizi. Nikiupa mmea usiolisha hatua hiyo, nimemnyang'anya mtoto wangu. Neno hili si la kudharauliwa. Mtu anayelisema amehesabu vema, naye awapenda watoto wake. Asiyeweza kumjibu mtu huyu asimhubirie habari za uzuri.

Lakini twaona kwamba amesahau mambo matatu katika hesabu yake.

Jambo la kwanza ni mahali penyewe. Sale halihitaji katikati ya shamba. Mahali pake pa desturi ni mpakani, kwenye ukanda mwembamba kati ya vihamba viwili, ambao huyu hawezi kuulima bila kumgusa yule, wala yule bila kumgusa huyu. Tena lastahimili kivuli cha migomba, mahali ambapo mboga nyingi hudhoofika. Kwa hiyo chakula linachokiondoa ni kidogo sana.

Jambo la pili ni gharama ya ugomvi. Mahali pasipo na alama, ndugu wawili waweza kugombana kwa ajili ya upana wa jembe moja. Huenda kwa wazee, kisha barazani, kisha mahakamani. Siku za kulima zapita, mbuzi wauzwa, na mwisho watoto wa mama mmoja hawasalimiani njiani. Yeye aliyehesabu mkungu wa ndizi na ahesabu hayo pia. Mstari wa masale yaliyopandwa mchana, majirani wote wawili wakiwapo na wazee wakishuhudia, huzuia hasara ambayo haipimwi kwa mikungu.

Jambo la tatu ni uzuri wenyewe, nao tusiuonee haya. Katika nchi za Ulaya, ambako miti mingi hupukutika majani wakati wa baridi, watu huthamini sana mmea usiopoteza ukijani wake, na sale letu hilihili hutiwa katika vyungu na kuwekwa vyumbani mwao. Huko Costa Rica wakulima hulilima na kuuza mashina yake ng'ambo. Hao wanunuzi hawali chochote kitokacho kwake. Watoa fedha ili jicho lipate kupumzika juu ya kitu kilicho hai na chenye umbo zuri. Je, jicho la mkulima wa mlimani halichoki? Mama arudiye sokoni na mzigo kichwani, akiona masale mawili yamesimama pande mbili za njia ya kwake, ajua ya kuwa amefika, tena ajua ya kuwa mtu ameitengeneza njia ile kwa upendo. Hilo nalo ni riziki, ijapokuwa haliingii chunguni.

Hata hivyo tusilisifu sale kupita kiasi, kwa maana hapa ndipo penye hatari. Mmea huu hushika mizizi upesi. Kata kipande cha shina, kichomeke katika udongo wenye maji, nacho chaota. Wema huo ndio uliolifanya lifae kwa mipaka, na wema huohuo ndio uliomfaa mwizi. Mtu aweza kutoka usiku wakati wa mvua, akachomeka vipande vyake hatua moja ndani ya shamba la mjane, akang'oa vile vya zamani. Na baada ya masika machache mgeni hatajua ni mstari upi uliopandwa kwa haki. Majani ni mabichi vilevile, nayo yapendeza vilevile. Sheria ya Musa ilikataza kuusogeza mpaka wa jirani, na wazee wetu walikataza pia, kwa sababu wote walijua ya kuwa alama haiwezi kujitetea. Yahitaji watu wakweli wa kuilinda.

Twaona jambo hilohilo katika kazi nyingine ya sale. Kwa desturi ya Kichagga, mtu aliyemkosea mwenzake humtuma mzee kwake na jani la sale, kuomba msamaha. Na aliyepelekewa jani hilo haimpasi kukataa. Wala si Wachagga peke yao. Katika nchi ya milima, kaskazini-magharibi ya Kameruni, mmea wa jamaa moja na huo, uitwao nkeng, ni alama ya amani. Basi mtu aweza kuuliza: Msamaha ambao mtu hana ruhusa ya kuunyima, je, ni msamaha kweli? Na mkosaji mwenye hila, je, hawezi kutuma jani leo, na kesho akarudia kosa lake?

Twajibu hivi. Jani haliwezi kuugeuza moyo, na asemaye kwamba laweza ajidanganya. Lakini watu wawili waliokasirikiana mara nyingi hukosa njia ya kuanza kusema. Huyu aona haya, na yule aona kiburi. Jani huwapa njia hiyo. Lamleta mzee kati yao, nao wakaa chini, na maneno yaanza. Yaliyobaki ni juu yao wenyewe. Aliyetuma jani na asirudishe alichokiiba ametuma jani tupu; na aliyelipokea huku akiweka chuki moyoni amepokea jani tupu.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Mwenye shamba dogo na apande sale, lakini kwa kiasi, na kwa haki. Chakula kwanza: asilitie mahali pa mgomba. Mvua za masika zianzapo, mwezi wa Machi, na akate vipande vya shina vyenye urefu wa dhiraa, aviache siku moja au mbili mpaka jeraha likauke, kisha avichomeke bila kugeuza juu kuwa chini, theluthi moja ikiwa ndani ya udongo. Asichague mahali panaposimama maji, maana vitaoza. Vikisha kushika, akitaka viwe vizito, na akate ncha; chini ya mkato yatachipuka machipukizi mengine. Mlangoni aweke mawili tu, mrefu nyuma na mfupi mbele, wala asijaze ua mpaka pasiwe na pa kupita. Na mpakani asipande peke yake hata siku moja. Amwite jirani, awaite watoto wa nyumba zote mbili, ili wao watakaorithi wauone mstari ule kwa macho yao na kuukumbuka.

Maana shina laweza kuishi miaka mingi kupita aliyelipanda. Watoto wake watapita kando yake killa siku wakienda shuleni na kisimani, nao watajua kama baba yao alilipanda mchana au usiku.