Nyumba ya mnyoo, mpangaji kaa: Inapovunjwa anahesabiwa nani?

Ukimtaja kaa katika darasa la Maarifa ya Uislamu, swali linalofuata ni lile lile kila mwaka: analiwa au haliwi? Hulijibu haraka kwa sababu jibu lake limo vitabuni. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tumelelewa nayo, rai mashuhuri ni kuwa haliwi, kwani anaishi majini na nchi kavu. Maliki wanaruhusu. Hanafi wanakataa kwa kuwa si samaki. Dakika tatu zimekwisha. Kinachonisikitisha ni kwamba swali hilo likishajibiwa, kaa naye husahaulika, kana kwamba kiumbe asiyeingia tumboni mwetu hana tena hukumu yoyote inayotuhusu.

Mimi nafundisha Masumbwe, wilayani Mbogwe, mbali mno na bahari. Kaa wa maji chumvi wanafunzi wangu wengi wamemuona kwenye picha tu. Lakini yuko kaa mmoja ambaye habari zake zinatufaa sana sisi watu wa machimboni, na ndiye niliyetaka tumfikirie leo.

Katika ghuba ya Mont-Saint-Michel, pwani ya Ufaransa, maji yanapokupwa huonekana miamba yenye rangi ya mchanga ambayo si mawe wala matumbawe. Imejengwa na minyoo. Mnyoo mmoja, mwenye urefu wa sentimita tatu au nne, hudaka punje za mchanga na vipande vya makombe kwa vijimkono laini vilivyo kichwani, akazichambua moja moja karibu na mdomo, akazipaka gundi inayotoka mwilini mwake, kisha akazibandika juu ya mrija anamoishi. Gundi hiyo hushika ndani ya maji ya chumvi, na fundi yeyote wa saruji anajua ugumu wa jambo hilo. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, wamekuwa wakiichunguza gundi ya jamaa wa mnyoo huyo anayepatikana pwani ya California, wakitafuta namna ya kuunga mifupa ya binadamu iliyovunjika. Watoto wa minyoo hupenda kutua juu ya mirija ya waliowatangulia. Basi mrija hukaa juu ya mrija, kizazi juu ya kizazi, mpaka unapatikana mwamba wa hekta na hekta.

Mnyoo anajijengea mwenyewe. Hana habari na mwingine. Lakini ndani ya nyufa na vishimo vya mwamba ule huingia kaa wa kauri, kaa mdogo aliyebapa kama sarafu. Huyu hajajenga kitu wala hawezi kujenga. Ubapa wake ni wa kupenya kwenye ufa, chakula chake hukichuja majini kwa manyoya ya mdomoni, na ukimkamata kwa kibano hukuachia kibano chenyewe akaenda zake. Pamoja naye wapo kaa wengine, kamba wadogo, na wadudu wengi wa majini wa jamii hiyo ambao mtaani hawana hata jina. Brazili na Florida nako wapo minyoo wa aina nyingine wajengao vivyo hivyo, na kaa wa huko wamejipangisha humo bila kodi.

Sasa Wafaransa hushuka maji yakikupwa kuokota chaza na kaa, na katika kuokota huukanyaga mwamba. Alama ndogo minyoo walio hai huziziba wenyewe. Ufa mkubwa mawimbi huupanua mpaka pande zima linabomoka. Swali langu ni hili: aliyeubomoa amemdhuru nani? Wengi tutasema mnyoo, kwa sababu ndiye mjenzi, na jasho ni lake. Mimi naona jibu hilo ni la watu waliozoea kuhesabu hati. Mnyoo aliyebaki hai ndani ya mrija wake anaweza kuukarabati punje kwa punje. Kaa akitolewa kwenye ufa wake mchana wa jua, ndege yuko juu yake na hana pa kwenda.

Msomaji wa Masumbwe au Kahama asihangaike na Ufaransa. Atazame kichuguu. Mchwa hukijenga kwa ajili yao, kisha nguchiro akapata chumba, nyoka akapata chake, na kenge akafukua akataga mayai humo ili yatunzwe na joto la wenye nyumba. Sisi tunakuja na jembe kwa sababu udongo wake ni mzuri kwa matofali, na wapima madini huuchukua wakatafute ndani yake dalili za dhahabu. Nani kati yetu, kabla ya jembe la kwanza, amewahi kujiuliza mle ndani yumo nani zaidi ya mchwa?

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinipinga vizuri. Alisema, "Mwalimu, mvunjaji hakumkusudia kaa. Hajui hata kama yupo. Na amali huwa kwa nia." Ni hoja nzito, na haifai kujibiwa kwa kumnyamazisha mtoto.

Nikamwambia kwanza atazame upande wa kheri. Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kila atakachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikwa kuwa ni sadaka yake. Mpandaji alimkusudia ndege? Aghlabu alikusudia watoto wake na soko. Pengine ndege alimfukuza kwa manati. Ikiwa tunapokea kwa furaha thawabu ya wapangaji tusiowaalika, tunapata wapi ujasiri wa kusema kwamba madhara ya wapangaji hao hayatuhusu?

Ni kweli, kheri na shari hazipimwi kwa mizani moja. Rehema ya Allah (s.w.) imetangulia, na aliyekosea bila kukusudia hana dhambi ya makusudi. Lakini wanafunzi wa fiqhi wanajua kuwa kuna dhambi na kuna dhamana. Ukivunja mtungi wa jirani kwa kuteleza, huna dhambi, ila mtungi unaulipa. Aliyeua mtu kwa bahati mbaya hasemwi muuaji wa kusudi, na bado diya ipo. Kutokusudia kunaondoa lawama. Hakuondoi hasara ya aliyedhurika.

Halafu kuna kisa cha sisimizi katika Surat An-Naml. Sisimizi yule aliwahimiza wenzake waingie ndani kwa kuwa jeshi la Nabii Sulaiman (a.s.) linapita, na akaongeza neno la kuwatetea askari: wakikanyaga, itakuwa kwa kutojua. Tazama adabu hiyo! Mdudu anamtolea binadamu udhuru. Tunachosahau ni kwamba Nabii Sulaiman alisikia na akatabasamu. Kuanzia pale kutojua kumekwisha. Jeshi likiendelea kupita pale pale, udhuru wa sisimizi haulifuniki tena. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa sahihi juu ya mtu asiyejua. Swali ni juu ya aliyekwisha kuambiwa, na juu ya yule anayekwepa kuambiwa ili abaki na udhuru wake. Huyu wa mwisho nadhani ndiye mwenye hali mbaya kuliko wote.

Wapo watakaosema kaa hana mwenyewe, na haki za wanyama katika sheria ni kwa wale tunaowafuga. Kweli, Sheikh Izzuddin bin Abdissalaam, mwanachuoni mkubwa wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, alipozitaja haki za mnyama juu ya binadamu alianza na kumlisha hata akizeeka au kuugua asifae tena kwa kazi, na hayo yanamhusu mwenye mnyama. Lakini iko pia hadithi ya Nabii aliyeumwa na sisimizi mmoja akachoma kijiji kizima cha sisimizi, akalaumiwa kwa nini hakuishia kwa yule mmoja. Sisimizi wale hawakuwa mali ya mtu.

Wala tusidhani kuwa anayeishi kwa mwenzake siku zote ni mzigo. Katika miamba ya matumbawe ya bahari yetu ya Hindi wapo kaa wadogo wa jamii ya Trapezia waishio kati ya matawi ya tumbawe. Linapokuja lile kiti la pwani lenye miiba mingi kula tumbawe, kaa hulibana na kulisukuma mpaka liondoke. Matumbawe hayo ndiyo jamaa za mawe yaliyojengea msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani, tukasujudu ndani yake nasi tukiwa wapangaji. Na ndiyo yaliyopigwa baruti na wavuvi haramu kwa miaka mingi. Machi na Aprili 2015 watafiti waliotega vinasa sauti majini kwenye pwani ya Tanzania walinasa milipuko 318. Kikosi kazi cha vyombo mbalimbali vya serikali kilichoundwa mwaka huo kilisaidia kuipunguza sana baadaye. Baruti nyingine zilikuwa za mbolea na dizeli, lakini nyingine zilivuja kutoka machimboni na kwenye kazi za barabara. Kwa hiyo huku kwetu bara nako tulikuwa na mkono katika nyumba ya kaa.

Simwambii mchimbaji aache kuchimba. Mtu ana watoto, na dharura ina kiasi chake. Nasema ahesabu kwanza.

Mwaka huu mwenye duara mmoja ninayeswali naye alikuwa katika mazungumzo ya kumwachia mwekezaji eneo lake. Hesabu ya fidia ilikuwa tayari: duara, vibanda vyake viwili, miembe, shamba la mihogo. Pembeni mwa duara hilo, kwa miaka sita, amekaa mama ntilie na watoto watatu, vijana wa karasha, wazee wanaorudia mchanga kwenye mwalo, na wauza maji. Hakuna aliyemwalika hata mmoja. Walikuja kwa sababu yeye alichimba. Nilipomuuliza wao wako mstari wa ngapi, alisema kwa upole kabisa, "Ustadh, wale si wangu, na hata majina siwajui wote. Kuwaandika kutanichukua siku nzima."

Nikamwambia Jumamosi sina vipindi, nitakuja na daftari.