Uwazi Ndani ya Udongo

Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Anas bin Malik, kwamba Mwenyezi Mungu alipomfinyanga Nabii Adam, Iblisi alikuja akamzunguka kumchunguza. Alipoona ndani yake mna uwazi, alijua kuwa huyu ni kiumbe asiyeweza kujizuia. Hadithi hii ilisomwa katika darsa baina ya Magharibi na Isha hapa Chaani, na kijana mmoja akauliza: "Ustadh, kama uwazi ndio mlango wa shetani, mbona tukaumbwa nao?" Ustadh alimjibu vizuri kuhusu mtihani wa dunia. Mimi nina la kuongeza, kwa sababu umri wangu wa kazi niliumalizia katika maabara ya rifaineri, hapa hapa Changamwe, nikishika vitu ambavyo thamani yake yote ni uwazi.

Mafuta ghafi yakishachemshwa na kutenganishwa, nafta inayopatikana haifai kutiwa garini hivyo hivyo, injini itagonga. Ili iwe petroli nzuri, molekuli zake lazima zipangwe upya, na hiyo ni kazi ya kichocheo: platinamu iliyotandazwa juu ya alumina, katika joto la nyuzi 500 hivi. Njia hii ilibuniwa na Vladimir Haensel wa kampuni ya UOP ya Marekani, ikaanza kutumika viwandani mwaka 1949. Platinamu yenyewe haifiki hata asilimia 1 ya uzito. Karibu chote kilichobaki ni alumina, nayo haijabeba tu: ikitiwa klorini kidogo, hushiriki kuzipinda molekuli.

Chukua punje kavu za alumina tupu, nyeupe, uzitie katika glasi ya maji. Utasikia zikichacharika, viputo vitapanda kwa wingi, na ukiishika glasi utahisi imepata joto. Maji yanaingia mahali ambapo jicho liliona jiwe. Gramu moja ya punje hizo, ukijumlisha kuta za vitundu vyake vyote, ina eneo la mita za mraba 200 hivi, kuupita uwanja wa voliboli. Platinamu hukaa juu ya kuta hizo, chembe mbali na chembe. Ikikosa pa kutandaa hujikusanya madonge, na nguvu yake ikapotea.

Alumina hiyo hiyo ukiipasha moto kupita nyuzi 1,000 na ushei, hujipanga upya, vitundu vyake vikafungika, ikawa jiwe gumu. Ni jiwe lile lile ambalo, likiwa na kromiamu kidogo ndani yake, watu huliita yakuti nyekundu na kulivaa kidoleni. Ni zuri, na lina bei. Lakini lijaze kwenye mtambo, nafta itapita karibu kama ilivyokuja, maana haina pa kuingia.

Hapa ndipo ninapomkatalia Iblisi. Yeye aliuona uwazi akadhani ameona kasoro. Kutokuwa na uwazi, na papo hapo kutegemewa na kila kitu, ni sifa ya Mmoja tu. Baadhi ya wafasiri wa kale walipolieleza jina la As-Samad walisema ni Yule asiye na uwazi ndani: hali, hanywi, hahitaji. Kiumbe akiitamani sifa hiyo haupati ukuu wake. Anachopata ni ugumu wa moyo.

Kijana ana haki ya kunijibu kwamba uwazi hupokea sumu pia. Ni kweli. Salfa kidogo tu katika nafta huilemaza platinamu. Kwa hiyo nafta hupitishwa kwanza kwenye mtambo mwingine, wenye kobalti na molibdenamu, navyo vimekaa juu ya alumina, ili haidrojeni iiondoe salfa. Na hata nafta iliyosafishwa huacha kaboni inayoganda na kuziba vitundu. Dawa yake ni kuichoma kaboni hiyo kwa hewa ya kupimwa, kidogo kidogo. Ukiifungulia hewa kwa pupa, joto hupanda na kichocheo chenyewe huharibika. Hakuna mhandisi anayeziba vitundu ili avilinde. Huchunga kinachoingia, na husafisha kilichoganda.

Ndivyo ninavyoielewa saumu. Haituondolei tumbo, inauchunga mlango wake, na inachoma kwa kipimo yale yaliyotuganda. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliwakataza masahaba kuunganisha saumu siku kwa siku bila kufuturu. Moto usio na kipimo hausafishi.

Liko jambo jingine nililojifunza kwa kuiona rifaineri yenyewe ikinyamaza. Kampuni ilisajiliwa mwaka 1960, mitambo ya kwanza ikaanza 1963, ya pili 1974. Septemba 2013 usafishaji ulikoma, na matangi yakabaki ya kuhifadhia. Humo yaliwekwa mafuta ghafi ya Turkana yaliyoletwa kwa malori, hadi shehena ya kwanza iliposafirishwa ng'ambo Agosti 2019. Tangi nalo lina uwazi, tena mkubwa mno. Lakini hutoa kile kile lililopokea. Kitundu cha alumina hupokea kidogo, hakibaki nacho, na kinachotoka si kile kilichoingia.

Uwazi wa mwanadamu unaweza kuwa wa tangi: mali iingie ikae, elimu iingie ikae, uchungu uingie utoke ule ule uchungu, umwagikie mke na watoto. Au unaweza kuwa wa kitundu: njaa yako ya Ramadhani itoke ikiwa futari ya jirani, msiba wako utoke ukiwa subira unayomshikia mfiwa mwenzio.

Basi, mwanangu, Iblisi aliona sawasawa, ila alihukumu vibaya. Alipaona pa kuingilia. Hakujua kwamba hapo hapo ndipo kazi yetu yote ingefanyika. Tusimwombe Mola atuzibe. Tumwombe atulinde na kinachoingia, atusafishe bila kutuunguza, na asituache tukawa matangi.