Tunaita Bahati
Watu husema "bahati" haraka sana. Saratani ya figo ikiwa bado ndogo mara nyingi haiumi. Nyingi huonekana kwenye skani iliyokuwa ikitafuta kitu kingine kabisa. Binamu yangu, miaka 29, alienda juu ya gesi tu, wakapata uvimbe wa sentimita 3. Daktari akatoa uvimbe, figo akaiacha, maana kijana bado ana miaka mingi ya kuitumia. Nyumbani wakasema bahati. Sawa, lakini hiyo skani ililipwa na bima ya kazini. Jamaa wa mkokoteni hapa mtaani pia analia gesi, anameza tembe za dukani. Akiniuliza kama aende apigwe skani, nimwambie nini? Wengi wenye gesi wana gesi tu. Na hiyo pesa ni karo ya mtoto.