Mtandao wa Kijamii ni Nini?

Wakatekumeni wapendwa, mwauliza kama redio nayo ni mtandao wa kijamii. Sivyo: redio yanena, nasi twasikiliza tu. Na simu ya watu wawili? Hiyo ni kama barua. Bali katika Facebook, iliyoanzishwa mwaka 2004, au katika kundi la WhatsApp, kila aliyemo husikia na kunena, tena aweza kupitisha maneno ya mwenzake kwa watu asiowajua. Mpaka ndio huo, ingawa simu ni ile ile. Mababa wa Mtaguso wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya mwaka 1963, walitaja magazeti, sinema, redio na televisheni; mitandao haikuwapo bado. Amri ya Nane ilikuwapo. Basi ukiletewa neno kwamba mama fulani ni mchawi, nawe ukalipitisha, wewe si msikilizaji tena. U msemaji wake.